Kisu chembamba cha kukunja cha kubeba kila siku

Ndugu muulizaji, umesema unaishi Mombasa, unataka kisu cha kukunja kisichotuna mfukoni, cha kumenya maembe, kukata kamba na kufungua maboksi dukani.

Uzito huwasumbua wengi kuliko inavyostahili, kwa maana kinachochosha hasa ni unene wa mpini unaosukuma paja kila unapoketi. Opinel namba 6 ya Ufaransa ina bapa la takriban sentimita 7 na uzito wa takriban gramu 30, pamoja na pete ya chuma, iliyobuniwa mwaka 1955, ambayo huzungushwa ili bapa lisijikunje na kukukata vidole. Hata hivyo, mpini wake ni wa mti, nao hufura kwa unyevu hata kisu kikawa kigumu kufunguka. Na ukikinunua, tafadhali chagua feleji isiyoshika kutu, kwa sababu ile ya kaboni, ingawa hunoleka kwa urahisi, haivumilii hewa ya chumvi wala maji ya ndimu.

Kwa pwani, mimi ningechukua Victorinox Cadet ya Uswisi: mpini wa alumini, urefu wa milimita 84 kikiwa kimekunjwa. Haina kifungio cha bapa, kwa hiyo usiitumie kudunga wala kupekecha.

Ukisafiri kwa ndege, kiweke ndani ya begi linalopakiwa chini, kamwe si mfukoni.