Kilo 17 mgongoni: nilivyojifunza kubeba mwenyewe Kirgizistani

Nyumba ya wageni niliyofikia mjini Karakol, Kirgizistani, nchi ya milima huko Asia ya Kati, ilikuwa na mizani ya mizigo karibu na mlango. Mhudumu aliliweka begi langu juu yake, ikasoma kilo 17. Akanitazama mimi, akalitazama begi, akacheka. Mimi mtu wa Moshi, nimefika Uhuru mara mbili, nikasema moyoni huyu hanijui.

Kumbe mimi ndiye nilikuwa sijijui. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, na nyuma ya kila mgeni kuna wagumu wanaobeba hema, meza, mayai, hadi choo, mpaka kilo 20 kwa mtu mmoja. Binamu yangu anafanya kazi hiyo. Mimi mara zote mbili nilibeba maji, koti na simu. Kirgizistani, kwenye njia nyingi za kawaida, hakuna anayekulazimisha kumchukua mtu. Unashuka kwenye marshrutka, ambayo ni daladala yao, unavuka daraja, na mlima wote ni wako pamoja na begi lako.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: funga begi, lipime, litembeze kwenye kilima cha karibu na kwenu kwa saa tatu, kisha rudi nyumbani ukatoe vitu. Mimi nilikuwa na jinzi mbili (jinzi ikilowa huko juu haikauki), taulo zito, sufuria ya nyumbani na kilo mbili za unga wa sembe. Ndiyo, sembe. Nilijiambia Mchaga hawezi kupanda mlima kwa tambi.

Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Sirota, karibu mita 2,900. Hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, hayafiki 100, na kila ukipanda yanazidi kuchemka mapema. Ukiangalia sufuria unaona mapovu, unadhani moto uko vizuri, lakini chakula hakiivi. Nilisonga ule ugali mpaka mkono ukachoka, upepo unazima jiko, gesi inaisha, na bado ulikuwa uji mzito wenye ladha ya unga mbichi. Maharage usiyafikirie kabisa. Beba tambi nyembamba, shayiri ya kukoroga, karanga, tende, na mkate wao wa mviringo ambao unakaa siku kadhaa bila kuharibika. Mtungi wa gesi haupandi ndege, nunua Bishkek, mji mkuu wao, au Karakol. Hema, mfuko wa kulalia na jiko vyote vinakodishwa Karakol. Ningejua mapema nisingevitoa Dar hadi Istanbul hadi Bishkek, halafu kilomita karibu 400 nyingine za barabara.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Kutoka Sirota unapanda hadi ziwa Ala-Kul, mita 3,500 na kitu, maji ya rangi ya feruzi katikati ya barafu na mawe. Ukitoka hapo unapanda tena mpaka njia inapovuka mgongo wa mlima, zaidi ya mita 3,800, ndipo uteremkie upande wa bonde la Altyn Arashan. Hali ya hewa ya milima hii ya Tian Shan wakati wa kiangazi hupenda kuchafuka mchana. Asubuhi mbingu nyeupe pee, mchana wingu limekukalia kichwani. Waliokuwa na mabegi mepesi waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi na kilo zangu tulifika juu saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikatupokea. Mteremko wa upande wa pili ni changarawe tupu, mkali, na kila hatua mguu unateleza na begi linakusukuma kwa nyuma. Sehemu fulani nilishuka kwa makalio. Fimbo za kutembelea nilizokuwa nikizicheka ndizo zilizookoa magoti yangu.

Vijito vinavyotoka kwenye barafu navyo vina saa zake: asubuhi maji hufika kwenye vifundo, jioni yamejaa kwa sababu jua limeyeyusha barafu mchana kutwa. Vuka mapema. Na maji ya kunywa chemsha au weka dawa hata yakionekana safi namna gani, maana juu yako kuna farasi na kondoo.

Watu? Hapo sina malalamiko. Nilitazamwa sana, nikaombwa picha sana, lakini "Asalaam aleikum" ilifungua kila mlango. Utashangaa maneno unayoyasikia: kitabu wanaita kitep, habari ni kabar, saa ni saat, akili ni akyl. Ukikaribishwa kwenye hema lao la duara utaketishwa upande unaoelekeana na mlango, mahali pa heshima, usikatae. Mkate usiuweke kifudifudi, kitambaa cha chakula usikikanyage, na baada ya kula wanapopitisha viganja usoni, nawe pitisha. Boorsok ni kama maandazi madogo yasiyo na iliki, nilikula bakuli zima. Kymyz, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ni chachu kuliko mtindi wowote na ina kilevi kidogo, kwa hiyo wewe na dini yako mtaamua.

Nenda kati ya Julai na mwanzoni mwa Septemba. Beba fedha taslimu, som, kwa sababu milimani kadi ni plastiki tu. Ukitaka kwenda upande wa Inylchek, karibu na mpaka wa China, omba kibali cha eneo la mpaka mapema. Kwa Ala-Kul hukihitaji.

Altyn Arashan nilifika giza limeingia, nguo zote zimelowa. Kuna chemchemi za maji moto pale, nikakaa ndani mpaka vidole vikakunjamana. Asubuhi nilimpa mama mwenye nyumba unga uliobaki, kilo moja na zaidi. Aliunusa, akaonja kidogo kwa ulimi, akaniuliza kwa ishara kama ni wa kuku.