Kabla hujawa wakala wa kampuni kubwa, jua nani anaamua nini

Vijana wengi wananiuliza, hasa nyie wa Tororo na Busia, wamepata mtaji kidogo wanataka kufungua depo ya bidhaa za kampuni kubwa, soda, sabuni, mafuta ya kupikia, sasa waanzie wapi. Mimi kwenye hii kazi ya kusambaza nimekaa miaka, nimeanza kwa kupanda lori nikiuza duka kwa duka mpaka nikapata stoo yangu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, na jibu langu ni lile lile: kabla ya kuulizia komisheni, ulizia hiyo kampuni inaendeshwaje, nani anaamua nini na anaamulia wapi. Ukishalijua hilo utaacha kupoteza nguvu kugombania vitu ambavyo huyo menija mliyekaa naye hana uwezo wa kuvigusa.

Kampuni inayouza nchi nyingi ina mambo mawili. Kuna yale ambayo hayabadiliki popote, jina, ladha, rangi ya nembo, namna ya kuhesabu pesa, hayo yanatoka makao makuu na huku hakuna wa kuyagusa. Halafu kuna yale ambayo wanaachia watu wa nchi husika. Angalia Coca-Cola, watu wanadhani wanatengeneza kila chupa wenyewe, kumbe wao biashara yao kubwa ni kuuza ile konsentreti, yaani kile kiini kizito cha kutengenezea soda, halafu kiwanda cha nchi ndio kinatia maji na sukari, kinajaza chupa, kinanunua malori na kutafuta wateja. Hapa Uganda kazi hiyo inafanywa na Century Bottling, ambayo siku hizi inaitwa Coca-Cola Beverages Uganda, na upande wa Pepsi ni Crown Beverages. Na hizi depo ndogo ndogo za mitaani mnazoziona nazo zina historia yake. Mwaka 1999 kule Addis Ababa, Ethiopia, watu wa Coca-Cola waliona lori kubwa haliwezi kuingia vichochoroni na mwenye kibanda hana pa kuweka kreti nyingi wala pesa ya kuzilipia kwa mpigo, basi wakampa mtu wa mtaa stoo ndogo awapelekee wenye vibanda kwa mkokoteni, kidogo kidogo, kila siku. Ikafanya kazi, wakaisambaza Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukiwa na depo usijione kama unafanyiwa hisani, wewe ndio unafika pale ambapo wao hawafiki.

Mfano mwingine upo hapa hapa nyumbani. Nile Breweries ya Jinja ikiwa chini ya SABMiller, kampuni ya bia ya nchi nyingi, ilileta Eagle Lager mwaka 2002, bia ya mtama unaolimwa huku kwetu badala ya shayiri ya kuagiza nje, serikali ikakubali kutoza ushuru mdogo kwa sababu malighafi ni ya mkulima wa hapa, bei ikashuka mpaka mtu wa kipato cha chini akaimudu, na wakulima wa Teso na Lango wakapata soko. Mwaka 2016 AB InBev, kampuni nyingine kubwa ya bia, wakainunua SABMiller yote duniani, na Eagle ikaendelea kuuzwa. Wenye kampuni walibadilika juu kabisa, mtama ukabaki, maana ulikuwa unalipa.

Sasa tuje kwenye meza yenyewe. Siku menija wa kanda anapokuja kukuona, wengi wanaanza na bei, nipunguzie, nipunguzie. Bei ipo kwenye sistimu, hata ulie haibadiliki, na mara nyingi imepangwa Kampala au hata Nairobi maana kampuni nyingi ofisi yao ya Afrika Mashariki iko huko. Lakini huyo huyo menija anaweza kukusogezea siku za kulipa kutoka 7 mpaka 14, anaweza kukupa friji, anaweza kukuongezea kreti tupu, anaweza kukuchorea eneo lako vizuri ili wakala mwingine asije akauza mlangoni kwako. Siku 7 za ziada kwa mtu mwenye mtaji mdogo ni pesa nyingi kuliko shilingi 200 za kreti, piga hesabu mwenyewe uone mzigo unazunguka mara ngapi kabla hujalipa. Mi huwa namuuliza mtu waziwazi, hili unaamua wewe au lazima upeleke juu? Akisema lazima apeleke juu naliacha, tunaenda kwenye lingine.

Na hapa nataka mnisikilize sana, mwisho wa kota, yaani robo ya mwaka. Hizi kampuni zinatoa hesabu kila miezi mitatu, wengine wanafunga mwaka Desemba, wengine Juni, na kila nchi ina tageti yake na kila menija anapimwa kwa hiyo tageti. Kwa hiyo wiki ya mwisho ya kota simu zinaanza kulia, chukua kreti 300 zaidi, chukua katoni 500, utalipa polepole. Kwenye vitabu vyao hayo tayari ni mauzo, kwako wewe ni mzigo umekaa stoo na tarehe ya kuisha muda inakimbia. Kuna kampuni moja nilifanya nayo kazi, walinijazia stoo juisi mwezi wa sita, mwezi wa tisa wakaja na promosheni kwenye maduka makubwa kwa bei iliyo chini ya ile waliyonipa mimi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kubeba zile zangu. Wiki hiyo usikimbie simu, ndio wiki yako ya kuongea. Chukua tu kile ambacho rekodi zako zinaonyesha kitaisha, na kwa hicho cha ziada omba punguzo au katoni za bure, watakupa, maana wanakuhitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Kitu kingine ni njia ya mzigo. Malighafi nyingi zinanunuliwa kwa dola na zinapita Mombasa, kutoka pale mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Januari 2022 madereva wa malori waliposimama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa sababu ya vipimo vya korona, foleni ikarudi nyuma huko Kenya na petroli hapa ikapanda vibaya sana. Fuatilia dola na habari za mpakani, kwa sababu dola ikipanda leo bei ya kiwandani haipandi leo, wanamaliza kwanza stoku ya zamani, na hapo katikati wewe una nafasi ya kununua.

Halafu kuondoka. Walmart pamoja na ukubwa wake iliuza maduka yake ya Ujerumani mwaka 2006 ikaondoka. Shoprite, wale wa supamaketi, waliamua kutoka Uganda 2021 wakati kundi lao la Afrika Kusini linapunguza nchi, Nigeria na Madagaska nazo ziliachwa. Supamaketi za Uchumi za Kenya zilifunga hapa Oktoba 2015 na masaplaya wakabaki wanadai. Tawi la nchi linaweza kuwa na wateja na bado likafungwa kwa uamuzi wa watu ambao hawajawahi kukanyaga hapa, kwa hiyo kampuni moja isizidi nusu ya mauzo yako.

Mkataba usome na mtu anayejua. Tafuta humo mzigo ulioisha muda unarudi kwa nani, pesa uliyoweka kwa ajili ya kreti inarudishwa lini, na wakikuondolea eneo wanakupa notisi ya siku ngapi. Menija akikwambia hayo tutaongea baadaye, mwambie akuandikie imeili hapo hapo mkiwa mmekaa, kwa sababu hawa watu wanahamishwa sana, mwakani yeye yuko Lusaka na aliyekuja hajui mliongea nini.