Kadi ya grafiki inagonga 86 hapa Dodoma, nibadili pesti au niongeze feni?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Niko Nkuhungu, nina PC ya gemu yenye kadi ya grafiki RTX 3060 ya feni mbili, niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikicheza gemu nzito dakika kama 20 hivi kadi inafika digrii 86, feni zinavuma mpaka chumba cha pili wanalalamika, halafu FPS (fremu kwa sekunde) zinaanza kushuka. Kesi yangu mbele ni kioo kitupu na ina feni moja tu ya nyuma. Rafiki yangu anasema nifungue kadi nibadili pesti (ile krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu), mwingine anasema ninunue feni. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anza na hicho kioo cha mbele, pesti iache kwanza.

Digrii 86 haziunguzi kadi, ukomo ambao Nvidia wenyewe, wenye chipu yake, wameuweka kwa 3060 ni 93, ila kadi nyingi za aina hii zimepangwa zijaribu kukaa kwenye 83 hivi, zikipita hapo zinajipunguzia spidi zenyewe ili zisizidi kuchemka, na ndo maana FPS zako zinashuka baada ya muda na sio mwanzoni. Ukitaka kuhakikisha fungua GPU-Z, programu ya kusoma vipimo vya kadi, gemu likiwa linaendelea, angalia mstari wa PerfCap Reason, ikiandika Thrm basi ni joto, ikiandika Pwr au VRel, yaani ukomo wa umeme au wa volti, hiyo ni kawaida kabisa tafuta sababu nyingine. Nisichokipenda kwenye hali yako ni hizo feni kukimbia mwisho kila siku, maana beringi zake zitachoka mapema na feni ya kadi spea yake kuipata huku ni kazi.

Sasa kabla hujatoa hela yoyote fanya hivi: toa mfuniko wa ubavuni wa kesi, cheza gemu lilelile, muda uleule wa siku. Nasisitiza muda uleule kwa sababu kwa kila digrii moja chumba kinapopanda kadi nayo inapanda karibu digrii moja, na hapa Dodoma mchana wa Oktoba na usiku wa Juni ni vitu viwili tofauti kabisa, mtu anapima usiku anafurahi kadi imepona kumbe hali ya hewa tu. Ikishuka digrii 8 au 10 ukiwa umefungua ubavu, kadi yako ni nzima, kesi ndo inaibana pumzi. Ikishuka 2 au 3 tu, hapo tatizo liko kwenye kadi yenyewe. Kwa ulivyoelezea mimi naona kesi.

Hiyo 3060 inakula mpaka wati 170 na zote zinageuka joto humo humo ndani, ongeza la CPU, halafu feni moja ya nyuma inajaribu kutoa hewa ambayo haina pa kuingilia. Ukifunga feni mbili nyuma ya kioo kilichozibwa hujasaidia kitu, toa kioo kwanza au hamia kesi yenye wavu mbele, ndo uweke feni mbili za milimita 120 zinazovuta hewa kuingiza ndani. Feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa na ziwe na chujio, maana hapo hewa inapita kwenye chujio badala ya kunyonywa kwenye kila upenyo na vumbi lake. Na PC itoe sakafuni, isogeze mbali na ukuta, kama iko ndani ya kabati la meza itoe leo hii.

Vumbi nalo ndo adui wetu mkubwa huku. Kiangazi chote kuanzia Mei mpaka mvua zinapoanza upepo haulali, safisha machujio kila wiki na ndani kila mwezi, masika unaweza kulegeza. Bloa ndogo ya mkono inatosha, fanyia nje, na shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Tafadhali usipeleke PC kwa fundi pancha akupulizie na kompresa yake, ile hewa inatoka na maji na mafuta na presha yake ni kubwa mno. Kingine hewa yetu kavu inatengeneza umeme tuli kirahisi, kwahiyo usifanyie kazi juu ya zulia na gusa chuma kitupu cha kesi kabla hujashika kadi.

Kuna dawa ya bure ambayo naipenda kuliko zote, andavolti, yaani kuipa kadi volti ndogo kuliko ilivyozoea. Weka MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, bonyeza Ctrl na F grafu ya volti na spidi itafunguka, ishushe grafu yote chini, kisha nukta ya milivolti 900 ivute juu ifike megahezi 1800 hivi, bofya tiki, zote za kulia kwake zitalala mstari mmoja. Kadi itafanya karibu kazi ileile kwa umeme mdogo, na umeme mdogo maana yake joto dogo, hakuna ujanja mwingine hapo. Cheza saa nzima, gemu likijifunga shusha megahezi kidogo ujaribu tena. Ukiona grafu inakuchanganya basi shusha pawa limiti (ukomo wa umeme wa kadi) iwe asilimia 80, utapoteza fremu chache sana ambazo hata hutaziona.

Halafu usijipime na video za Ulaya. Wale wanapima kwenye chumba cha digrii 20 na kitu, wewe mchana una 30, na Dodoma tuko mita kama 1,100 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kwahiyo feni ileile kwa spidi ileile inabeba joto pungufu. Ukipata 72 mpaka 78 mchana wa jua kali, shukuru uendelee kucheza.

Pesti inakuja mwisho, na kipimo chake kipo. Kwenye GPU-Z linganisha joto la kadi na la hotispoti (sehemu ya chipu yenye joto kuliko zote), tofauti ya digrii 10 mpaka 15 iko sawa, ikipita 25 hapo ndo pesti imekauka au hitisinki (kile chuma cha kupozea chipu) haijakaa vizuri. Na kwa kuwa uliinunua imetumika inawezekana kweli. Ila ukifungua, zile pedi laini za kupitisha joto kwenye memori zina unene wake maalum, ukiweka nene kuliko za mwanzo hitisinki haitaigusa chipu vizuri na kadi itachemka kuliko ulivyoianza, kwahiyo pima za zamani kabla hujanunua mpya na zikiwa hazijachanika zirudishe zilezile. Skrubu kaza kwa kupishanisha kona, kidogo kidogo.

Nitumie namba tatu: joto la kadi kesi ikiwa imefungwa, ikiwa wazi ubavuni, na la hotispoti.