Uliza Jikoni: Sikukuu za Chakula kwa Chungu cha Kigoma

Barua za mwezi huu zimetoka Ujiji, Mwanga, Kasulu, Kibondo na Buhigwe, na karibu zote zina jambo moja: zile siku za chakula ambazo watoto wanaziona kwenye simu, na jinsi ya kuziadhimisha nyumbani kwa chakula cha kawaida. Tumejibu kwa kirefu zile zenye kazi ya jiko ndani yake.

Watoto wameniletea orodha: leo siku ya hiki, kesho siku ya kile. Zipi ni za kweli, na zipi zinatufaa sisi wa huku? (Mama wa watoto wanne, Ujiji)

Mama, gawa orodha hiyo mafungu matatu. Kuna siku zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa, kama ya mikunde, 10 Februari, ya jodari, 2 Mei, ya nyuki, 20 Mei, ya chai, 21 Mei, na ya viazi mviringo, 30 Mei. Kuna zilizoanzishwa na wafanyabiashara ili bidhaa yao itoke: Siku ya Mayai, Ijumaa ya pili ya Oktoba, ilianzishwa na wenye biashara ya mayai mwaka 1996. Halafu kuna za mzaha mtupu, ambazo mtu yeyote huko Marekani anaweza kuzitangaza, na nyingi hudai keki au jibini ambayo huku ni ghali bila sababu. Hizo za fungu la tatu ziache zipite, isipokuwa moja ambayo mwalimu wa Kibondo ameiuliza hapa chini.

Kabla ya kuchagua tarehe, tazama mambo mawili. La kwanza ni ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Ziwa likifungwa kwa tarehe hizo, sikukuu ya samaki wabichi ni ile ya 2 Mei, wiki mbili kabla. Siku za nyuki, chai na viazi, pamoja na Sabasaba na Nanenane, zote zinaangukia ndani ya kipindi hicho, kwa hiyo zipange kwa dagaa wakavu, maharage au mboga za majani.

La pili ni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, vipe, vile vyombo vyao vya kuvulia, hubaki ufukweni na bei hupanda. Tarehe ikiangukia kwenye mbalamwezi, isogeze wiki moja. Hakuna atakayekuja kukukagua.

Nataka kupika mgebuka wa mawese tarehe 2 Mei, lakini kila nikikaanga samaki wanang'ang'ania kikaango na kumeguka, na mawese yanatoa moshi hadi sebuleni. (Mama Shani, Mwanga)

Dada, siku hiyo ni ya jodari, samaki wa bahari, na mgebuka hana undugu naye. Ndugu yake ni sangara wa Ziwa Viktoria. Lakini jodari wa kopo hawezi kushindana na mgebuka aliyetoka majini alfajiri, kwa hiyo uamuzi wako tunauunga mkono.

Kwa watu sita chukua migebuka minne ya urefu wa kama sentimita 30. Wapare magamba, watoe matumbo, osha, kata kila mmoja vipande viwili. Paka kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na maji ya ndimu moja, waache dakika 20. Sasa fanya kile ambacho wengi hukiruka: wafute kwa kitambaa safi hadi ngozi iwe kavu, kisha wanyunyizie unga wa muhogo, vijiko viwili vikubwa kwa samaki wote. Samaki mwenye maji hupoza mafuta, na nyama yake hushikana na chuma kabla ngozi haijakauka.

Mafuta yakichemka vizuri (tia ncha ya mkia, ikitoa mapovu mara moja yako tayari), weka vipande vitatu au vinne kwa wakati mmoja, visibanane. Usiviguse dakika nne hadi tano. Ngozi ikishakauka na kuwa kahawia hujiachia yenyewe. Ukijaribu kugeuza na kipande kikakataa, hakijaiva upande huo. Kukilazimisha ndiko kunakokimega.

Moshi nao unatokana na kuyaacha mawese yachemke hadi rangi nyekundu ipotee. Wapo wanaofanya hivyo makusudi ili kuua harufu, lakini wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, na ukiuchoma umeutupa. Kwa hiyo kaanga samaki kwa mafuta ya alizeti, mawese yaweke kwenye mchuzi. Pasha nusu kikombe cha mawese kwa moto wa wastani. Mwanzoni yatatoa povu na kurukaruka kwa sababu ya maji yaliyobaki wakati wa kukamua. Povu likitulia, tia vitunguu viwili, kisha nyanya nne na nyanya chungu nne zilizopasuliwa. Funika dakika 12, punguza moto, laza samaki juu, mwagia robo kikombe cha maji moto, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, na dakika tano zinatosha. Usikoroge. Tikisa sufuria tu.

Ukinunua mawese, onja tone. Yakikwaruza koo, ngazi (matunda ya mchikichi) zilikaa muda mrefu kabla ya kukamuliwa, na hakuna kiungo kitakachorekebisha hilo. Na chupa ikiganda asubuhi, isimamishe kwenye maji moto hadi yote iyeyuke, kisha itikise. Ukimimina ya juu tu, ya chini yatabaki mazito na mapishi ya mwisho wa chupa hayatafanana na ya mwanzo.

Tarehe 10 Februari ni ya mikunde. Maharage yangu huchemka saa nne na bado yanagonga meno. Nikitia magadi yanakuwa uji. (Msomaji, Kasulu)

Sababu kubwa ni umri. Maharage yaliyokaa miezi mingi chini ya bati lenye joto hukomaa vibaya, na hata ukichemsha siku nzima mengine hayalainiki. Februari una bahati: mara nyingi ya mavuno ya kwanza yamekwisha kufika sokoni, kwa hiyo uliza ya msimu huu. Sababu ya pili ni maji ya kisima yenye chokaa. Mvua bado zipo mwezi huo, kinga maji ya mvua, ila mvua ya dakika za mwanzo iache ioshe bati kwanza. Ya tatu ni nyanya au ndimu kutiwa mapema. Uchachu hufanya ganda ligome, basi nyanya zisubiri hadi punje ipondeke kwa vidole viwili.

Kilo moja hutosha watu wazima kumi hadi kumi na wawili. Loweka usiku kucha kwa lita tatu za maji na kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Chumvi ya kulowekea hulainisha ganda, tofauti na wengi wanavyoamini. Mwaga maji hayo, tia mapya, na chemsha kwa moto mkali dakika kumi kamili kabla ya kupunguza mkaa. Dakika hizo si mapambo: maharage mekundu hasa yana sumu ambayo moto wa kufifia hauiui, na mtu akila yaliyoiva nusu hutapika na kuharisha. Baada ya hapo yaachie polepole saa moja hadi mbili.

Magadi si lazima. Ukitia, chukua robo kijiko cha chai kwa kilo, mwanzoni, usiongeze. Mwisho kaanga vitunguu kwa vijiko vitatu vikubwa vya mawese, changanya, ponda punje chache ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito.

Wanafunzi wangu wamesikia kuhusu siku ya pai, 14 Machi, ambapo Wamarekani hula vitafunio vya duara. Naweza kuifanya shuleni au nyumbani kwa gharama ndogo? (Mwalimu wa hisabati, Kibondo)

Mwalimu, siku hiyo ya pai, ile namba ya mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, ilianzishwa mwaka 1988 na Larry Shaw, mwanafizikia katika jumba la sayansi la Exploratorium mjini San Francisco, kwa kuwa Wamarekani huanza na mwezi, na 3/14 hufanana na 3.14. Sisi huanza na siku, tarehe hiyo kwetu ni 14/3 na haina maana yoyote. Yetu ni 22 Julai: 22/7, sehemu ileile ambayo wanafunzi wako huitumia darasani. Wapo duniani wanaoiadhimisha tayari, na shule zinakuwa zimefunguliwa.

Pika chapati. Unga wa ngano kilo moja, chumvi vijiko viwili vya chai, mafuta vijiko vinne vikubwa, maji vuguvugu kama vikombe viwili na nusu, ukiyatia kidogokidogo. Kanda dakika kumi hadi donge liwe laini na linanata kidogo, funika dakika 30. Kata madonge 16. Sukuma, paka mafuta, viringisha kama konokono, pumzisha tena dakika 15, kisha sukuma hadi kipenyo cha sentimita 21. Tafuta kifuniko cha sufuria cha upana huo kiwe kipimo.

Kwa nini 21? Kwa sababu 22/7 mara 21 ni 66 kamili. Mtoto azungushe uzi ukingoni mwa chapati iliyoiva, aunyooshe kwenye rula, agawanye kwa kipenyo. Atapata tatu na ushee. Asipopata, ama chapati si duara, ama uzi umelegea. Chapati ikijikunja kutoka 21 hadi 18 kikaangoni, donge halikupumzika. Ikiwa ngumu kama ngozi ya ngoma, uliongeza unga mwingi wakati wa kusukuma au moto ulikuwa hafifu, ikakauka kabla ya kuiva. Kikaango kiwe cha moto, dakika moja kila upande, mafuta baada ya kugeuza mara ya kwanza.

Baba watoto anasema huu ni ulimbukeni, Idi na Krismasi zinatosha. (Msomaji, Ujiji)

Akikuona unanunua vitu vya ziada, ana haki. Chagua siku nne kwa mwaka, chakula kimoja kila siku, kwa fedha ileile ya matumizi ya siku hiyo. Mpe yeye kazi ya kuchagua samaki sokoni. Mabishano mengi ya nyumbani huishia hapo.

Siku ya nyuki na siku ya chai zinafuatana. Nimefikiria chai ya tangawizi na asali kwa wote, hadi mtoto wa miezi minane. Na mandazi ya asali yananiungulia. (Mama Neema, Buhigwe)

Mtoto huyo asipewe asali hata ya kulamba, hadi atimize mwaka mmoja. Asali inaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na kuitia kwenye chai ya moto hakuziui.

Kwa waliobaki: chemsha vikombe vitano vya maji na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kilichopondwa, dakika tano nzima, ndipo utie majani na kikombe kimoja cha maziwa. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla ya kuchemshwa huyakatisha. Asali iwekwe mezani, kila mtu atie kikombeni chai ikishapoa kidogo, la sivyo harufu yake inapotea na mvuke. Asali iliyoganda si ya kughushi. Weka chupa kwenye maji ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, italainika.

Mandazi ya nusu kilo ya unga yanayotumia nusu kikombe cha sukari, tia vijiko sita vikubwa vya asali na punguza maji vijiko viwili. Asali hupata rangi haraka kuliko sukari, ndiyo maana nje panaungua na ndani pabichi. Punguza mkaa, na kata vipande vyembamba kidogo.

Mayai ya kuchemsha hayamenyeki, yanatoka na nyama yake. (Msomaji, Mwanga)

Ni mabichi mno, yametagwa juzi. Kwa Siku ya Mayai ya Oktoba nunua wiki moja mapema, yatumbukize kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 11, kisha kwenye maji baridi.

Sabasaba pia ni Siku ya Kiswahili Duniani, na ziwa litakuwa limefungwa. Dagaa wangu wakavu wana mchanga na uchungu. (Mama Baraka, Kasulu)

UNESCO iliichagua 7 Julai mwaka 2021, na kwa kuwa ni sikukuu ya taifa watu wote wako nyumbani. Robo kilo hutosha watu sita. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, si mchangani. Wawe na rangi ya fedha, wasiwe wa manjano: umanjano ni mafuta yaliyochacha, na uchungu wako pengine unatoka hapo. Pepeta kwenye ungo, kisha osha kwa maji vuguvugu mara tatu, na kila mara watoe dagaa kwa mkono. Usimwage maji wakiwamo, mchanga uliotulia chini utawarudia. Usiwaloweke.

Kaanga peke yao hadi wakauke na kulia wakiguswa na mwiko, watoe. Pika vitunguu na nyanya pembeni hadi maji yakauke, rudisha dagaa dakika tatu za mwisho. Chumvi tia mwisho, baada ya kuonja, na kama ni ya Uvinza yenye punje kubwa, kijiko chake kina chumvi pungufu kuliko cha ile iliyosagwa, kwa hiyo ongeza kwa ulimi wala si kwa kijiko.