Karatasi na Kumbukumbu: Maswali Yenu Kuhusu Albamu, Gundi na Picha za Zamani

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Kakamega, Nakuru na Busia. Zinauliza mambo tofauti, lakini majibu yetu mengi yanarudi kwenye kanuni moja tunayomsisitizia kila anayeanza kutengeneza albamu: usibandike kitu ambacho hutaweza kukibandua. Karatasi iliyoharibika utanunua nyingine kesho. Picha ya pekee ya harusi ya nyanya yako huipati dukani.

*Ninatengeneza albamu ya watoto wangu kwa karatasi za manila na gundi nyeupe. Kurasa zikikauka zinapinda, na sasa albamu imefura mbele, haifungi tena. Nakosea wapi? – Mama wa watatu, Kondele, Kisumu*

Mama, hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kurasa zinapinda kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye gundi. Nyuzi za karatasi ya kiwandani hulala zikielekea upande mmoja. Zikinywa maji hunenepa kuliko zinavyorefuka, kwa hiyo ukurasa hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kisha husinyaa ukikauka. Picha ya studio imefunikwa plastiki nyembamba mbele na nyuma, haitanuki hata kidogo. Vitu viwili vilivyogandishwa pamoja, kimoja kikisinyaa na kingine kikikataa, lazima vipinde.

Kwa hiyo acha kupaka gundi mgongoni mwa picha na utumie pembe za karatasi. Kata ukanda wa upana wa sentimita 1.5 na urefu wa sentimita 3. Ulaze mezani, upande mrefu ukiwa mbele yako. Weka alama ndogo katikati ya ukingo wa juu. Shika pembe ya juu ya kushoto uikunje ishuke hadi katikati ya ukingo wa chini, kisha ile ya kulia vivyo hivyo. Utapata pembetatu yenye mfuko: mbele laini, nyuma mbawa mbili zinazokutana. Tengeneza nne, zivishe picha kwenye pembe zake zote, paka gundi ya kijiti kwenye mbawa za nyuma peke yake, kisha ubonyeze ukurasani. Picha yenyewe haigusi gundi, na siku ukiitaka unaichomoa. Hakikisha gundi haichungulii kwenye kingo za mbawa, maana hapo ndipo picha hunasa bila mtu kujua.

Kabla ya kukata manila, tafuta nyuzi zake zimelala upande gani. Ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inaopinda kwa wepesi, mstari wa mpindo huo ndio unaofuata nyuzi. Kata kurasa ili nyuzi zisimame sambamba na mgongo wa albamu. Zikilala kukatisha mgongo, ukurasa hautafunguka vizuri na utajikunjakunja karibu na mshono kila mvua za Machi hadi Mei zikija.

Sasa kufura. Kila picha huongeza unene upande wa mbele, huku mgongo ukibaki na unene wa karatasi tupu. Albamu inayofungika hujengewa unene mgongoni kabla ya picha ya kwanza kuingia. Kata kila ukurasa urefu wa sentimita 21 kwenda juu na upana wa sentimita 26. Upande wa mgongo, pima sentimita 3, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino kwa rula ya chuma ili kuweka mfuo, kisha kunja. Unabaki na ukurasa wa sentimita 23 na mgongo wenye karatasi mbili. Ukitaka kuweka picha pande zote mbili za ukurasa, chomeka ndani ya mkunjo huo ukanda mwingine wa manila wa upana wa sentimita 3. Kurasa 20 zinatosha; zikizidi hapo, albamu huwa nzito na matundu huanza kuchanika.

Toboa matundu manne, sentimita 1.5 kutoka ukingo wa mgongo, kwenye alama za sentimita 3, 8, 13 na 18 kutoka juu. Sindano ya fundi viatu inatoboa kurasa tano kwa mara moja, juu ya kipande cha ubao laini. Ukilazimisha zote kwa pamoja, tundu huenda mshazari na kurasa za chini hazitalingana.

Kwa jalada, tumia kadibodi ngumu ya milimita 2. Ya katoni za mafuta ya kupikia ina mawimbi ndani, nayo hukunjika ovyo. Jalada la mbele liwe vipande viwili: ukanda wa sentimita 3 upande wa mgongo, nafasi ya milimita 6, halafu kipande kilichobaki. Nafasi hiyo ndiyo bawaba. Kitenge cha pamba hufaa sana kulivika. Gundi nyeupe ina kazi yake hapa, mradi uipake kwenye kadibodi, nyembamba na sawasawa, usiipake kwenye kitambaa. Ukiipaka kitambaani hupenya na kuacha madoa upande wa juu. Vika ndani pia kwa karatasi, la sivyo kitambaa kitavuta kadibodi ijipinde kuelekea nje. Laza chini ya vitabu vizito usiku mzima kabla ya kufunga kwa kamba au utepe.

*Nina albamu ya miaka ya themanini, zile zenye kurasa za kunata na plastiki juu. Plastiki imekuwa ya manjano na picha hazitoki. Nivute tu? – Mwalimu mstaafu, Kakamega*

Usivute, Mwalimu. Sura ya picha imekaa kwenye tabaka jembamba la jelatini, na ukiikunja picha ya umri huo, tabaka hilo hupasuka mistari myeupe isiyofutika. Ila unayo sababu ya kuzitoa: plastiki nyingi za albamu hizo ni za PVC, ambayo hutoa asidi ikizeeka, na ile gundi ya mistari huzidi kung'ang'ania kadiri miaka inavyopita.

Anza kwa kupiga picha kila ukurasa kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi. Ukipoteza kitu katika kazi inayofuata, angalau sura imebaki, na mpangilio wa familia nao umebaki. Kisha inua plastiki polepole. Chukua uzi wa kusafishia meno usiotiwa ladha, kama sentimita 40, uzungushe vidoleni, uingize chini ya pembe moja ya picha na uusogeze mbele na nyuma ukikata gundi. Pale penye ukaidi, kikausha nywele cha umeme kikiwa kwenye moto wa chini, kikielekezwa *nyuma* ya ukurasa kwa sekunde chache, hulainisha gundi. Ukihitaji kupinda kitu, pinda ukurasa kuuondoa kwenye picha, usipinde picha kuiondoa kwenye ukurasa.

Picha ikikataa kabisa, kata ukurasa kuizunguka na uiache na kipande chake. Ni afadhali picha yenye kadi nyuma kuliko picha iliyochanika. Maji, mafuta ya taa na petroli, hapana.

Zilizotoka zikae siku kadhaa zikitazama juu, kila moja peke yake, kabla ya kuingia albamu mpya. Mifuko ya plastiki unayonunua iwe imeandikwa polypropylene au polyester. Ikiwa na harufu kali kama ya pazia jipya la bafu, irudishe. Na kwa kuwa Kakamega hupata mvua karibu mwaka mzima, weka albamu kwenye rafu ya ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na sakafu ya saruji, wala usiifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Unyevu ulioingia humo hautoki, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

*Nahifadhi risiti, tiketi za basi na vipande vya magazeti kwenye daftari langu la kumbukumbu. Risiti zinafutika! Nifanyeje? – Mwanafunzi, Njoro, Nakuru*

Risiti nyingi za siku hizi hazina wino. Karatasi yenyewe ina kemikali inayobadilika rangi ikipata joto kwenye mashine, na joto la jua, mafuta ya vidole na plastiki ya PVC huirudisha nyuma au kuisawijisha yote. Hakuna namna ya kuifanya idumu. Peleka saiba ikatolewe nakala kwenye karatasi ya kawaida wiki hiyo hiyo uliyoipata, na hiyo nakala ndiyo uibandike. Usiipige lamino risiti yenyewe. Mashine hiyo hufanya kazi kwa joto, na risiti yako itatoka nyeusi tititi.

Gazeti nalo ni karatasi ya miti iliyosagwa pamoja na lignini yake, kitu kinachogeuka manjano na kutoa asidi. Baya zaidi, asidi hiyo huhamia kwenye picha iliyo ukurasa wa pili. Toa nakala. Ukipenda sana kipande halisi, kiweke kwenye bahasha yake peke yake, mwisho wa daftari.

*Tunaishi karibu na Dunga na gugumaji limejaa. Je, naweza kutengeneza karatasi yake nyumbani kwa ajili ya kadi? – Msomaji, Kisumu*

Unaweza, na ni kazi yenye raha yake. Jiandae tu kwa kiasi kidogo: zaidi ya asilimia 90 ya mmea huu ni maji, kwa hiyo hata kilo 5 za mabua mabichi huacha nyuzi kidogo tu.

Chukua mabua peke yake, tupa mizizi na majani. Osha matope, kata vipande vya sentimita 2, anika siku mbili. Vipike kwa saa mbili hadi tatu katika maji yanayovifunika pamoja na vijiko vinne vya chakula vya magadi, yale yanayouzwa sokoni ya kulainishia mboga. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na magadi huila alumini. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli isiyobanduka, au chungu ambacho hakitarudi kwenye chakula. Vaa glavu. Bua likivunjika kwa kuminywa kwa vidole viwili, limeiva. Suuza mpaka maji yatoke safi na yasiteleze mkononi. Ukiacha magadi ndani, karatasi itakuwa ya manjano na ya kuvunjika.

Ponda kwenye kinu cha mbao. Nyuzi za gugumaji zikiwa peke yake hukauka ngumu na kukatika, hivyo changanya nusu kwa nusu na karatasi nyeupe za ofisi zilizolowekwa usiku kucha na kupondwa. Mimina kwenye beseni pana, vikombe viwili vya rojo kwa lita kumi za maji. Chota kwa fremu ya mbao iliyotandikwa wavu wa dirisha: iingize wima, ilaze ndani ya maji, inyanyue ikiwa sawa, itikise mara moja mbele na nyuma, kisha iache ichuruzike. Karatasi ikitoka na matundu, rojo ni nyepesi. Ikitoka na mabonge, hukuponda vya kutosha. Pindua juu ya kipande cha blanketi kuukuu, funika kwa kingine, kamua kati ya mbao mbili zilizobebeshwa mawe, kisha anika ikiwa imelala kwenye kioo au ukuta laini. Ukiianika kwenye kamba itakauka na mawimbi.

Wino husambaa kwenye karatasi hii. Pika kijiko kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa katika nusu lita ya maji hadi uwe uji mwepesi, upake kwa brashi pande zote mbili, kisha ianike tena. Itumie kwa kadi na majalada. Picha usiiweke juu yake moja kwa moja. Na mabaki mabichi usiyatupe kwenye mtaro au bwawa, maana mmea huu huchipua kutoka kipande kidogo, na mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi zikiwa hai.

*Kalamu gani niandikie majina nyuma ya picha? – Busia*

Kwenye karatasi za zamani, penseli laini ya 2B, bila kukandamiza, picha ikiwa imelala juu ya kioo ili isichorwe hadi mbele. Kwenye picha za plastiki penseli huteleza, kwa hiyo andika kwenye ukurasa wa albamu kwa kalamu yenye wino wa pigmenti. Biro ya kawaida huacha mfuo unaoonekana upande wa pili, na wino wake hupauka. Andika majina yote matatu, mahali na mwaka; "Shangazi, Krismasi" haitamsaidia mjukuu.

*Picha nilizotumiwa WhatsApp zikichapwa zinatoka na ukungu. Studio inanidanganya? – Nakuru*

Hapana. Programu hiyo hupunguza ukubwa wa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombe aliyeipiga aitume kama hati, kutoka kwenye simu iliyoipiga. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 unahitaji takriban pikseli 1200 kwa 1800. Kwa A4, 2480 kwa 3508. Iliyokopiwa kutoka kwenye stetasi ichape ndogo, sentimita 6 kwa 9, ukurasa wenye picha nne. Kwa ukubwa huo hata picha dhaifu hupendeza.