Mbona Nondo Hazoei Harufu?

SWALI: Assalaam alaykum, Ndugu Mhariri. Msimu wa karafuu, tunaposhinda majamvini tukianika, haupiti muda mrefu pua zetu haziisikii tena ile harufu inayompokea mgeni tangu anaposhuka garini. Nimesoma kuwa nondo dume humfuata jike usiku kwa harufu tu. Mbona yeye haizoei akapotea njia? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam. Nondo huhitaji kuifuta harufu kama anavyohitaji kuipokea. Mtazame dume wa jamii ya nondo wa hariri: papasi zake za kichwani zimechanua mfano wa unyoya, na kila kitawi kimejaa vinyweleo vyenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Feromoni ya jike, yaani harufu anayoitoa kumwita dume, huingia humo, na kwa kuwa ina asili ya mafuta, hubebwa na protini maalumu ndani ya majimaji ya kinyweleo hadi ifike kwenye vipokezi vya neva.

Ingebaki humo, neva ingeendelea kutoa habari ya harufu iliyokwisha kupita. Tena harufu haiji mfululizo; angalia moshi wa udi ukitoka chetezoni barazani, jinsi upepo unavyoukata kuwa nyuzinyuzi zenye nafasi baina yake. Nondo akiguswa na uzi husonga mbele, akiukosa huyumba kushoto na kulia hadi aupate mwingine, kwa hiyo sharti atambue kuwa wa kwanza umekwisha.

Hapo ndipo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vinapofanya kazi. Mwaka 1981, wanasayansi Richard Vogt na Lynn Riddiford wa Marekani walikieleza kimeng'enya kilichomo katika papasi za dume la nondo aitwaye Antheraea polyphemus. Feromoni kuu ya jike wake ni esta, yaani alkoholi na asidi zilizoungana, na kimeng'enya hicho huipasua kwa kutumia maji, ikabaki alkoholi pamoja na asidi ya asetiki, hii hii iliyomo katika siki. Vipimo vya mwaka 1985 vilikadiria kuwa nusu ya feromoni huweza kuvunjwa kwa milisekunde 15 hivi. Wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa feromoni huzimwa kwanza kwa njia nyingine, ndipo ivunjwe taratibu. Mjadala huo, kwa maoni yangu, haujafungwa.

Ama kuhusu majamvi yenu, harufu pale haina mapengo, ndiyo maana pua zenu huizoea. Nondo naye, akizungukwa na wingu la feromoni lisilokatika, mara nyingi huacha kusonga kuelekea upepo utokako, hata kama jike yuko karibu.