Kwanza Omba Kuona Simu

Wadogo zangu mnaoanza uelimishaji rika wa magonjwa ya zinaa na VVU hapa Dodoma, karibuni. Mimi nina miaka sita kwenye kazi hii, zaidi mabwenini na kwenye vyumba vya kupanga vya Ng'ong'ona na Makulu. Jambo moja nimelielewa kwa kuchelewa: kijana haji kwako na kichwa kitupu. Ameshapita TikTok, ameshauliza kwenye grupu la WhatsApp, na mara nyingi dawa ameshanunua.

Mwaka wangu wa kwanza alinijia kijana anayetokwa usaha, akikojoa anaungua. Nikamwagia somo la kisonono mwanzo mwisho. Ameshafika mlangoni ndipo akanionyesha simu. Mtu asiyemjua alimwandikia, "Hiyo UTI tu, chukua antibayotiki, gawana na mwenzio." Wakagawana vidonge vya dozi moja. Usaha ukakauka siku mbili, ukarudi. Ningeomba kuiona simu ile mapema, ningejua kwamba mgonjwa wangu ni watu wawili.

Neno UTI liogopeni. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo kweli, na si ugonjwa wa zinaa, lakini mitandaoni limekuwa shuka la kufunikia kisonono na klamidia. Klamidia kwa wanawake wengi haionyeshi dalili yoyote, huku ikipanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi. Kwa hiyo apimwe, amalize dozi yake, na mwenzi naye atibiwe.

Siku hizi wapenzi wanatumiana picha ya kipimo cha kujipima VVU, mstari mmoja, basi kondomu inawekwa kando. Kujipima ni jambo jema sana. Waelezeni tu kwamba maambukizi ya wiki chache zilizopita yanaweza yasionekane, hivyo warudie baada ya miezi mitatu.

Kinachoniumiza zaidi ni saa zinazopotea. Kondomu inapasuka Ijumaa usiku, binti anauliza grupuni bila kujitaja, na hadi Jumapili anajibiwa "meza P2". P2 inazuia mimba, VVU haigusi. PEP, yaani dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni faida, kisha inamezwa siku 28. Ukipata meseji ya namna hiyo usiandike aya. Uliza, "Ilikuwa lini, saa ngapi?" halafu msindikize kituo cha afya, hata kama ni usiku.

Msiutukane mtandao mbele yao. Mwenye aibu atakutumia meseji saa sita usiku, na hiyo ni imani kubwa amekupa. Msiipige skrinshoti. Mwenzetu mmoja aliipiga ya binti fulani, kwa nia njema ya kuomba ushauri kwenye grupu letu. Jina alilifuta, picha ya wasifu ikabaki pembeni. Ikavuja. Binti akahama chumba, na kliniki hakukanyaga tena. Alikuwa amebakiza siku 17 za PEP.